Uchambuzi wa kisa: Stelingi wa kauboi na studio iliyovunja mkataba kwanza

Kisa hiki kinamhusu mwigizaji wa Marekani aliyepata jina kwa tamthilia ya kauboi ya televisheni mwishoni mwa miaka ya 1950, akagombana na studio iliyomwajiri, na akatoka mahakamani akiwa huru. Jina lake, la studio na la tamthilia yameondolewa, pamoja na ya wenzake waliohusika. Miaka na hatua za kisheria zimeachwa kama zilivyokuwa. Mpenzi wa tamthilia za enzi hizo huenda akamtambua kabla ya kufika katikati, na hilo halina ubaya. Tunachofuata hapa ni vifungu vya mkataba, ratiba ya kurekodi, na hesabu ya nani alilipwa nini.

Mazingira ya kazi

Kauboi aliingia kwenye televisheni ya Marekani kwa kishindo kuanzia mwaka 1955. Gunsmoke, iliyokuwa ikisikika redioni tangu 1952, ilihamia kwenye runinga mwaka huo na ikadumu hadi 1975 ikiwa na vipindi 635. Kufikia msimu wa 1958 hadi 1959, tamthilia 7 kati ya 10 zilizotazamwa zaidi nchini humo zilikuwa za kauboi.

Sababu haikuwa mapenzi ya watazamaji peke yake. Studio kubwa za filamu zilikuwa na kila kitu tayari: mtaa wa mbao wenye baa, jela na duka la mbegu uliokuwa umesimama kwa miaka kwenye kiwanja cha nyuma, maghala ya mavazi na mikanda ya bunduki, farasi waliozoea kelele za risasi. Juu ya hayo walikuwa na mikanda ya filamu zao za zamani. Kundi la ng'ombe 500 linavuka mto? Halihitaji kurekodiwa upya. Linakatwa kutoka filamu ya miaka kumi iliyopita, kisha anabandikwa stelingi wa sasa akiangalia kwa mbali, amevaa kofia inayofanana na ya yule wa zamani. Skripti nazo zilizungushwa. Hadithi iliyotumika kwenye kauboi ilibadilishwa majina, farasi wakawa magari, ikarushwa kama hadithi ya upelelezi, au kinyume chake. Karatasi hizo zilizorudiwa zilibeba jina la mwandishi wa kubuni ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Shika hilo la skripti, kwa sababu ndilo lililokuja kuiangusha studio.

Pakiwa na mtaa, farasi na hadithi za bure, gharama iliyobaki ya kubana ilikuwa ya watu.

Mhusika mwenyewe

Alizaliwa mwaka 1928 katikati ya Marekani, akafiwa na mama akiwa mdogo, akaondoka nyumbani akiwa bado kijana. Akiwa na miaka 16 alikuwa baharia kwenye meli za mizigo. Alipigana vita vya Korea na kujeruhiwa mara mbili. Aliporudi akafanya kazi ya kutandika mazulia pamoja na baba yake. Hakuwa na mafunzo ya uigizaji. Mwaka 1954 rafiki alimtafutia nafasi kwenye tamthilia ya jukwaani kuhusu kesi ya kijeshi, akacheza mmoja wa majaji wasiosema neno. Usiku baada ya usiku alikaa jukwaani kimya, akimtazama mwigizaji mkongwe akifanya kazi hatua chache mbele yake. Wengi wangeona ni nafasi ya bure. Kwa mtu asiye na shule, hiyo ndiyo ilikuwa shule.

Studio ilimsajili katikati ya miaka ya 1950 kwa mshahara mdogo wa wiki. Mwaka 1957 ikampa tamthilia yake. Mhusika aliyemcheza alikuwa mcheza karata anayezunguka mji hadi mji, akiwa na noti ya dola 1,000 aliyoibana kwa pini ndani ya koti kwa ajili ya siku mbaya. Shujaa huyo alipendelea kukwepa ugomvi kuliko kuutafuta, na hakuwa mwepesi wa kuchomoa bastola. Watazamaji waliochoshwa na masherifu wenye taya ngumu walimpokea kwa furaha. Kipindi kilipangwa Jumapili jioni, dhidi ya vipindi viwili vikubwa vya burudani vya vituo shindani, na katika msimu wake wa pili kikawa miongoni mwa vile 7 vya kauboi vilivyoingia kumi bora.

Mkataba

Mkataba wa studio wa enzi ile ulikuwa na umbo lililojulikana na kila wakala mjini Hollywood. Vipande vyake vikuu vilikuwa hivi.

Muda ulikuwa miaka 7, lakini si miaka 7 kwa pande zote mbili. Mwigizaji alifungwa kwa miaka yote. Studio ilifungwa kwa kipindi kifupi tu, kisha ikawa na haki ya kuamua, kila kipindi kinapokwisha, kama inaendelea naye au inamwacha. Nyongeza ya mshahara ilipangwa tangu mwanzo na kufungamanishwa na uamuzi huo. Ukiwa maarufu ghafla mwaka wa pili, mshahara wako ni ule ulioandikwa ulipokuwa hujulikani.

Malipo yalikuwa ya wiki, kwa kawaida wiki 40 kati ya 52. Wiki 12 zilizobaki ni za kukaa bila kazi na bila malipo, na huruhusiwi kufanya kazi kwingine.

Kazi zote zilikuwa mali ya studio. Filamu za sinema alizocheza kati ya msimu na msimu zililipwa kwa mshahara ule ule wa wiki, hata filamu hizo zikiingiza mamilioni. Mwigizaji akienda kwenye maonyesho ya farasi au kufungua duka, studio ilichukua sehemu ya malipo. Mwenzake mmoja katika studio hiyo hiyo alikuwa akitoa nusu.

Kifungu cha mwisho, ambacho wengi hawakukisoma kwa makini, kilikuwa cha dharura isiyozuilika. Kilisema studio inaweza kusimamisha malipo iwapo utengenezaji utakwamishwa na moto, vita, mgomo au jambo lingine lililo nje ya uwezo wake.

Kulikuwa na kinga moja tu kwa mwigizaji, na hiyo haikuwa ndani ya mkataba. Sheria ya California inakataza kumfunga mtu kwa mkataba wa huduma zake binafsi kwa zaidi ya miaka 7. Studio zilikuwa zikiipita sheria hiyo kwa ujanja: kila mwigizaji aliyekataa nafasi alisimamishwa, na siku za kusimamishwa zikaongezwa mwishoni, hivyo miaka 7 ikawa 8 au 9. Mwigizaji wa filamu Olivia de Havilland alipinga ujanja huo, na mwaka 1944 mahakama ya rufaa ya California ikasema miaka 7 ni miaka 7 ya kalenda. Tangu hapo mwigizaji alijua angalau mwisho wa kifungo chake uko tarehe gani. Kungoja, hata hivyo, ni kuutumia umaarufu wako wote kwa bei ya mtu asiyejulikana.

Hesabu ya siku nane

Kabla ya kufika kwenye mgogoro, kuna jambo la ratiba ambalo linaeleza nguvu ya mwigizaji ilikuwa kubwa au ndogo kiasi gani.

Kipindi kimoja cha saa nzima cha tamthilia hii kilichukua siku 8 kurekodi. Kilirushwa kimoja kila siku 7. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 27. Zidisha: siku 216 za kurekodi dhidi ya siku 189 za kurusha. Kila wiki inayopita akiba inapungua kwa siku moja. Studio ikianza na akiba ya mwezi mmoja, vipindi 27 vinaimaliza karibu yote, na hapo hujahesabu mvua, farasi aliyeumia wala stelingi mwenye homa.

Kuongeza kasi hakukuwezekana, kwa kuwa mwigizaji mkuu yupo karibu katika kila onyesho. Fundi wa taa unaweza kumbadilisha, hata mwongozaji, lakini uso ni mmoja. Dawa waliyoipata ilikuwa kumpa mhusika ndugu. Wiki chache baada ya tamthilia kuanza, alianzishwa kaka wa pili, akachezwa na mwigizaji mwingine, na vikundi viwili vya kurekodi vikafanya kazi sambamba: kimoja na huyu, kingine na yule. Kila ndugu akawa na vipindi vyake, na mara moja moja walikutana.

Kwa uzalishaji, ufumbuzi ulikuwa wa kiwango cha juu. Kwa mwigizaji ulikuwa na sura mbili. Ulimpunguzia mzigo ambao ungemvunja mgongo. Wakati huo huo uliithibitishia studio kwamba jina la ukoo wa tamthilia linaweza kubebwa na mtu mwingine, yaani kwamba anaweza kubadilishwa. Walioandika skripti waliambiwa waziandike bila kujua ni ndugu gani atazicheza, na hilo lilimaanisha kwamba kwenye karatasi wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Mlolongo wa matukio

Mwaka 1958, stelingi mwingine wa kauboi wa studio hiyo, mtu mrefu wa mwili mkubwa, aligoma. Alidai aache kutoa nusu ya malipo ya kujitokeza hadharani, apewe zaidi kwa marudio ya vipindi vyake, na aruhusiwe kurekodi muziki nje ya kampuni ya studio. Studio haikumbembeleza. Ilitafuta kauboi mwingine, ikambandika kwenye nafasi yake kwa jina jipya la mhusika, na tamthilia ikaendelea. Mgomaji alirudi mwaka 1959 akiwa amepata masharti nafuu kidogo, lakini bado ndani ya mkataba ule ule, na tamthilia hiyo ikaendelea naye hadi 1962. Mhusika wetu aliyaona hayo akiwa jirani.

Januari 1960 waandishi wa filamu na televisheni waligoma. Madai yao makuu yalikuwa malipo ya marudio na mfuko wa pensheni. Mgomo ulianza tarehe 16 Januari na kumalizika Juni.

Msimu wa tatu wa tamthilia ulikuwa ukielekea ukingoni. Mapema mwaka huo studio ikawaarifu stelingi wote wawili, yeye na yule anayecheza ndugu yake, kwamba malipo yao yamesimamishwa. Sababu iliyotajwa: mgomo wa waandishi umekwamisha utengenezaji, kwa hiyo kifungu cha dharura kinatumika. Mkataba wenyewe haukufutwa. Walitakiwa wakae, bila mshahara na bila ruhusa ya kufanya kazi kwingine, hadi watakapoitwa.

Ukiitazama kwa jicho la mhasibu, hatua ile ilikuwa na mantiki. Vipindi vingi vya msimu vilikuwa vimekwisha kurekodiwa. Kuwalipa stelingi wawili wakati huna cha kuwapa ni hasara, na mgomo ulileta kisingizio kilichoandikwa tayari kwenye mkataba.

Uamuzi, na kwa nini ulikuwa wa hatari

Mhusika wetu hakugoma wala kukataa kufika kazini, na hakutoa madai ya nyongeza. Kupitia wanasheria wake aliiandikia studio kwamba kutomlipa ni kuvunja mkataba, kwamba yeye anauhesabu mkataba kuwa umekwisha, na kwamba kuanzia hapo ni mtu huru.

Tofauti kati ya hatua hii na ya jirani yake wa 1958 ndiyo kiini cha kisa. Anayegoma wakati mshahara wake unalipwa ndiye anayevunja mkataba. Studio inamsimamisha kwa haki, inatafuta mbadala, na mwisho wake yeye ndiye anayerudi kuomba. Anayenyimwa mshahara bila sababu halali, yeye ndiye aliyevunjiwa, na sheria ya mikataba humpa haki ya kujiona hafungwi tena.

Lakini hatua hiyo ilitegemea jambo moja: je, sababu ya studio ilikuwa halali au la? Kama mahakama ingeona mgomo ulikwamisha kazi kweli, basi mwigizaji ndiye angekuwa amejiondoa kinyume cha mkataba. Na California iliruhusu mahakama kumzuia mtu mwenye kipaji cha pekee asifanye kazi kwa mwingine iwapo mkataba wake ulimhakikishia angalau dola 6,000 kwa mwaka, kiwango ambacho stelingi wa televisheni alikivuka bila shida. Angeweza kukaa nje hadi miaka 7 iishe. Tamthilia ingesonga mbele na ndugu yake, na watazamaji ni watu wa kusahau.

Kilichompa ujasiri ni kile tulichokitaja mwanzoni. Kila mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanja kile alijua skripti zilikuwapo. Zile za zamani zilikuwa zikivishwa nguo mpya, na mpya zilikuwa zikiandikwa kimyakimya chini ya jina la kubuni.

Mahakamani

Swali mbele ya jaji halikuwa kama kulikuwa na mgomo. Mgomo ulikuwapo, kila mtu aliujua. Swali lilikuwa kama mgomo uliizuia studio *hii* kutengeneza. Kifungu cha dharura hakisemi "kukiwa na mgomo malipo yanasimama". Kinasema mgomo ukikwamisha kazi. Neno hilo moja, kukwamisha, ndilo lililobeba kesi nzima.

Ushahidi ulionyesha kwamba studio iliendelea kupata skripti katika miezi ya mgomo. Mkuu wa studio mwenyewe alipopanda kizimbani hakuweza kulikana hilo. Hapa studio ilikuwa imejifunga kamba kwa mikono yake. Ili kuwashinda waandishi, ilihakikisha hadithi haziishi. Kwa kuhakikisha haziishi, iliondoa sababu pekee ya kutowalipa waigizaji. Haiwezekani kuwa na ghala lililojaa na kudai njaa katika hati moja.

Desemba 1960 mahakama iliamua kwamba mwigizaji ni huru. Studio ikakata rufaa, na mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya California ikaunga mkono uamuzi huo: palikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba mgomo haukukwamisha uzalishaji, hivyo kusimamisha malipo kulikuwa kuvunja mkataba.

Matokeo

Studio ilijaribu kuziba pengo. Katika msimu wa nne ililetwa sura ya binamu, akachezwa na Mwingereza ambaye miaka mingi baadaye angekuwa jasusi maarufu wa sinema; hakumaliza hata msimu. Ikaja jaribio la kusikitisha zaidi: ndugu mwingine, mwigizaji aliyefanana na aliyeondoka, akavikwa nguo zile zile. Alidumu vipindi viwili. Tamthilia ilifungwa mwaka 1962 ikiwa na vipindi 124.

Mwigizaji naye hakupita kwenye zulia jekundu moja kwa moja. Kwa miezi kadhaa simu hazikulia. Studio zilikuwa chache na wakuu wake walijuana, na mtu aliyemshinda mwajiri mahakamani haajiriwi kwa furaha na mwajiri mwingine. Alicheza jukwaani ili apate kula. Ukimya ulivunjwa na mwongozaji mmoja mwenye uzito wa kutosha asiyeogopa wakuu wa studio, aliyempa nafasi katika filamu iliyotoka 1961. Mmoja mkubwa akishathubutu, wengine hufuata. Kufikia 1963 na 1964 alikuwa akicheza filamu kubwa kwa malipo ya filamu.

Mwaka 1971 alirudi kwenye kauboi ya televisheni, safari hii chini ya kampuni yake mwenyewe. Tamthilia ilidumu msimu mmoja. Katika kipindi cha mwisho stelingi aliuawa na nafasi yake ikachukuliwa na pacha wake, aliyechezwa na yeye mwenyewe. Waliokua wakiambiwa kwamba stelingi hafi wangeshangaa sana.

Kisha ikaja tamthilia ya upelelezi, kuanzia 1974, iliyompa tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora mwaka 1977. Kampuni yake ilishiriki utengenezaji pamoja na studio nyingine kubwa, na yeye alipewa sehemu ya faida. Aliigiza mwenyewe vitendo vingi vya hatari: kuruka ukuta, kupigwa, kuanguka ngazi. Magoti yalifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa 1979 vidonda vya tumbo vilimlaza hospitalini na madaktari wakamwamuru apumzike. Msimu wa sita ulikatwa baada ya vipindi 12.

Kilichofanya kazi

Kungoja upande mwingine uvunje mkataba kwanza. Hii si bahati tupu. Ilihitaji mtu anayejua vifungu vya mkataba wake na anayetazama kinachoendelea kazini, hasa upande ambao si wake. Waigizaji wengi wangeuona mgomo wa waandishi kama jambo la waandishi.

Kutoandika madai ya pesa. Angeomba nyongeza katika barua ile ile ya kusema mkataba umekwisha, angempa wakili wa studio hoja nzuri: huyu hataki uhuru, anataka bei. Barua yake ilisema jambo moja.

Kutafuta ushahidi kwenye matendo ya mwajiri. Studio inaandika ratiba za kurekodi, orodha ya skripti, malipo ya mwandishi kwa tarehe. Karatasi hizo zinazotengenezwa kila siku kwa ajili ya kuendesha kazi ndizo zinazosema kama kazi imekwama. Ukiwa na kifungu cha dharura mbele yako, uliza mapema: kazi ikikwama, itaonekana kwenye karatasi gani? Na je, mkataba unataka nani athibitishe, na ndani ya siku ngapi?

Kilichoshindwa

Malipo ya marudio. Hapa hapakuwa na ushindi wowote. Makubaliano ya chama cha waigizaji ya miaka ya 1950 yalilipa kwa marudio machache ya mwanzo tu, kisha ikawa sifuri. Malipo yasiyo na kikomo yalipatikana mwaka 1974, na hayakurudi nyuma kuwaokoa wa zamani. Uhuru wa 1960 ulimwokoa kwa kazi zijazo. Vipindi alivyokwisha kurekodi vilibaki mali ya studio na vikaendelea kuuzwa kwa vituo kwa miongo. Anayeondoka anapaswa kujua kwamba mlango anaopitia hautoi alichokiacha ndani.

Sehemu ya faida ya tamthilia ya upelelezi. Hili lilimgharimu zaidi kuliko ugomvi wa kwanza. Alidhani kuwa mshirika kunatosha, bila kujali neno "faida" limeelezwaje. Mahesabu ya studio yalionyesha kwamba tamthilia iliyodumu misimu sita haina faida ya kugawana. Njia ya kufika hapo ni rahisi kuielewa kwa mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia, si za kisa hiki. Mauzo ni dola milioni 100. Studio inajikatia ada ya usambazaji ya asilimia 35, yaani milioni 35. Gharama za usambazaji, milioni 10. Gharama za kutengeneza, milioni 45. Juu ya hiyo 45 inaongezwa asilimia 15 ya uendeshaji wa ofisi, yaani milioni 6.75, iwe ofisi ilitumia au haikutumia. Riba ya fedha ambazo hazijarudi, milioni 8. Jumla ya makato ni milioni 104.75. Mshirika mwenye asilimia 30 ya faida anapata asilimia 30 ya hasara ya milioni 4.75, yaani hapati kitu.

Angalia ni wapi pesa zilikwenda. Ada na asilimia ya ofisi, milioni 41.75, zimeingia mfukoni mwa studio ile ile inayosema imepata hasara. Mwigizaji mwenye nguvu ya kujadiliana angeomba sehemu ndogo ya mauzo kabla ya makato. Asilimia 5 ya milioni 100 ni milioni 5. Asilimia 30 ya faida isiyokuwepo ni karatasi.

Alifungua kesi mwaka 1983 akidai dola milioni 16.5 kwa kuvunja mkataba na udanganyifu. Safari hii hakuwa na siku moja ya wazi ambapo mshahara ulikatwa. Alikuwa na makabati ya vitabu vya hesabu, kila mstari ukihitaji mhasibu na kila mhasibu akihitaji mwaka. Kesi ya kwanza ilipata hukumu mwaka ule ule mgogoro ulipoanza. Hii ilichukua miaka 6 na ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 1989, kiasi kikibaki siri kwa masharti ya makubaliano.

Mwili nao uweke kwenye orodha hii. Mkataba wa pili ulimfanya mshirika, na mshirika huogopa kusimamisha uzalishaji. Mfanyakazi wa mshahara angemwachia anayelipwa kwa kuruka aruke. Ratiba ya kipindi cha saa nzima kila wiki, na mwigizaji mkuu katika kila onyesho, ni hesabu ile ile ya siku nane ya mwaka 1957, ila mara hii hapakuwa na ndugu wa pili wa kugawana naye vipindi.

Kuhusu yule ndugu wa kwanza, aliyesimamishwa malipo wakati mmoja naye: yeye hakuondoka. Alibaki hadi tamthilia ilipofungwa 1962. Katika msimu wa mwisho studio haikuwa na vipindi vipya vya kutosha kujaza kila Jumapili, kwa hiyo ilipishanisha vipindi vyake vipya na marudio ya aliyeondoka.